Shajara ya mradi: kuurejesha mfumo wa moshi wa gari la dizeli lenye kilomita 271,430

Kilomita 271,430

Leo taa ya injini imewaka tena, na sekunde chache baadaye gari likaishiwa nguvu: halikuvuka mizunguko 3,000 kwa dakika hata nilipokanyaga mafuta hadi mwisho. Hii ni mara ya tatu katika miezi kumi. Mara mbili zilizotangulia fundi aliunganisha skana, akakilazimisha kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi kiyaunguze masizi yake gari likiwa limesimama, akafuta misimbo ya hitilafu na kunirudishia ufunguo. Mara ya kwanza gari lilidumu miezi sita, mara ya pili mitatu na siku kadhaa. Muda unaofupika namna hiyo ni dalili kwamba ugonjwa wenyewe haujaguswa, na ndiyo sababu safari hii nimeamua kuandika kila ninachopima na kila ninachofungua.

Gari lina injini ya dizeli ya lita 2.0, silinda nne, na lilitengenezwa mwaka 2011 kwa kiwango cha Euro 5, mojawapo ya viwango vya Ulaya vya kudhibiti moshi wa magari. Lina vali ya EGR, yaani ya kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, pamoja na kipozeo chake, lina kichujio cha masizi ambacho mafundi wote hukiita DPF, na halina tangi la urea, kimiminika cha kusafishia moshi. Kwa upande huo nimeepushwa na pampu, hita na sensa ambazo huwasumbua wengi wenye magari ya Euro 6. Misimbo iliyosomeka leo ni miwili: P2463, yaani masizi yamejaa kupita kiasi kwenye kichujio, na P0401, yaani moshi unaorudishwa kupitia EGR hautoshi.

Nimejiwekea sharti moja, kwamba hakuna kipuri kitakachonunuliwa kabla kipimo hakijathibitisha kuwa cha zamani kimekufa. Kichujio kipya ndicho kipuri ghali kuliko vyote katika mfumo huu, na ndicho kinacholaumiwa kwanza kwa sababu ndicho kinachotajwa kwenye msimbo. Lakini kichujio kiko mwisho wa njia. Kosa lolote linalotokea kabla yake, liwe kwenye hewa inayoingia, kwenye dizeli inayochomwa au kwenye maji ya kupozea injini, huishia ndani yake likiwa masizi.

Kilomita 271,436

Nimeanza na kipimo ambacho hakihitaji hata injini kuwaka. Sensa ya tofauti ya shinikizo ina mipira miwili: mmoja huleta shinikizo la moshi kutoka mbele ya kichujio na mwingine kutoka nyuma yake, na tofauti ya hayo mawili ndiyo inayoiambia kompyuta ya gari kichujio kimeziba kiasi gani. Injini ikiwa imezimwa, mipira yote miwili ina hewa ileile, kwa hiyo tofauti lazima iwe sifuri. Nimefungua swichi bila kuwasha injini, na skana imeonyesha milibari 13. Nikazima, nikasubiri, nikarudia mara tatu: 13, 13, 12.

Baada ya hapo nimeikagua mipira yenyewe. Ule wa mbele, ukiutazama kwa juu, ulionekana mzima kabisa. Nilipoukunja karibu na klipu ya chini, upande unaoelekea injini ulifunguka mdomo wenye urefu wa ukucha, na kwenye bati lililo nyuma yake palikuwa na doa jeusi kavu, lililotawanyika kama unyoya, mahali ambapo moshi ulikuwa ukifuka kwa miezi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini namba za siku zilizopita hazikupatana hata kidogo. Sensa ilikuwa ikiongeza shinikizo lisilokuwapo, na ufa ulikuwa ukipunguza shinikizo lililokuwapo. Injini ikiwa inaunguruma taratibu uongo wa sensa ulishinda, na mafuta yakikanyagwa ufa ndio ulioshinda. Kompyuta iliamua lini kichujio kisafishwe kwa kutegemea mashahidi wawili ambao wote hawakusema kweli.

Nimefunga sensa mpya na mipira mipya yote miwili, kisha nikaiarifu kompyuta kupitia skana kwamba sensa imebadilishwa. Hatua hii ya mwisho husahaulika mara nyingi, na ikisahaulika kompyuta huendelea kusahihisha makosa ya sensa ambayo haipo tena. Vipimo vipya ni hivi: swichi ikiwa wazi na injini imezimwa, 0, injini ikiunguruma taratibu, milibari 11, kwenye mizunguko 2,500 gari likiwa limesimama, milibari 43. Kwa injini ya ukubwa huu ningefurahi kuona chini ya 5 na karibu na 20. Kichujio ni kizito, ila bado kinapitisha moshi.

Kabla ya kufunga boneti nilipitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa bomba la moshi huko nyuma. Kilitoka na vumbi jepesi la kijivu, bila weusi. Kichujio kilichopasuka ndani hupaka bomba lote masizi, kwa hiyo hiki cha kwangu hakijapasuka, na habari hiyo imenipa moyo kuliko nyingine yoyote ya leo.

Kilomita 271,690

Swali lililobaki ni kwa nini kichujio hakijisafishi chenyewe. Masizi huungua kwa oksijeni kwenye joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi, na moshi wa dizeli katika mwendo wa kawaida haufiki huko. Kwa hiyo, kila masizi yanapofika kiwango fulani, kompyuta hunyunyiza dizeli ya ziada mwishoni mwa mpigo wa pistoni, dizeli hiyo huunguzwa na kichocheo kilicho mbele ya kichujio, na joto linalopatikana ndilo linalosafisha. Kazi hiyo inachukua dakika kumi hadi ishirini na kitu za mwendo usiokatizwa. Kompyuta pia ina masharti yake kabla ya kuanza, na mojawapo katika gari hili ni maji ya kupozea injini yawe yamepita nyuzi 70.

Nimeendesha kwa dakika arobaini kwenye barabara kuu, mwendo wa kilomita 90 kwa saa, huku skana ikirekodi. Joto la maji lilikaa kati ya nyuzi 64 na 67 safari nzima. Lilipanda hadi 78 niliposimama kwenye msongamano, na niliporudi kwenye mwendo likashuka tena. Hiyo ni themostati, vali inayodhibiti maji ya kupozea, iliyokwama ikiwa wazi: maji yanapita kwenye rejeta wakati wote, na upepo wa barabarani unayapoza kuliko inavyotakiwa. Mshale wa dashibodi ulikuwa chini ya katikati kwa unene wake tu, tofauti ambayo nimeizoea kwa mwaka mzima bila kuipa maana, na kompyuta haikutoa msimbo wowote kuhusu jambo hili.

Nalitazama hili kuwa ndilo chimbuko la matatizo yote. Barabara kuu ndiko mahali ambapo kichujio kilipaswa kujisafisha, na ndiko ambako injini ilikuwa baridi kupita kiasi. Mjini, ambako maji yalifikia joto linalotakiwa, safari zilikuwa fupi na usafishaji ulikatizwa kabla ya kumalizika.

Kilomita 271,702

Themostati imebadilishwa. Kikombe chake cha plastiki kilikuwa kimechakaa kwa joto kiasi kwamba sikio moja lilikatika nilipolegeza boliti, ikanibidi nisubiri siku nne kikombe kizima kipatikane. Baada ya kujaza maji na kutoa hewa, joto hupanda hadi 88 katika dakika kumi na mbili na kubaki hapo hapo, barabara kuu na mjini.

Kilomita 271,745

Leo nimefungua EGR, na sehemu hii nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Kazi ya EGR ni kurudisha sehemu ya moshi uliokwisha kuungua ndani ya silinda. Moshi huo hauna oksijeni nyingi, kwa hiyo mwako unakuwa na joto la chini, na oksidi za nitrojeni, ambazo huzaliwa kwenye joto kali, hupungua. Madhara yake ni kwamba mwako uliopozwa hutoa masizi zaidi, na masizi hayo hupitia kwenye vali ileile. Humo njiani hukutana na mvuke wa oili unaotoka kwenye tumbo la injini, na vikichanganyika hufanyika lami nzito inayoshika kila ukuta.

Nilipoitoa vali, tundu ambalo lilipaswa kupitisha kidole gumba lilipitisha penseli kwa shida. Lami ya upande wa manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, ilikuwa laini na yenye kung'aa, unaweza kuikwangua kwa ukucha. Ya upande wa moshi ilikuwa kavu, ngumu, na ilibanduka vipande vipande kama gome. Katikati, kwenye kiti cha vali, palikuwa na kipande kimoja chenye ukubwa wa punje ya mahindi kilichozuia vali isifunge hadi mwisho. Kwa hiyo vali ilikuwa na makosa mawili yanayopingana: ikifunguka haipitishi ya kutosha, na ikifungwa inaendelea kuvuja. Msimbo P0401 ulitaja kosa la kwanza tu. La pili ndilo lililokuwa likijaza masizi, kwa sababu injini ilipewa moshi hata pale ilipohitaji hewa safi yote, kama wakati wa kupanda mlima.

Nimekwangua kwa vijiti vya mbao, maana chuma kingechubua kiti, kisha nikapaka dawa ya kuyeyushia kaboni na kurudia mara nne. Mota ya umeme ya vali sikuilowesha, kwa kuwa dawa ikiingia kwenye fani na gia za plastiki huharibu kilichokuwa kizima. Kipozeo nilikiziba pande zote na kukijaza hewa ndani ya maji. Hakikutoa hata povu moja. Nilikuwa na hofu nacho kuliko vali yenyewe, kwa sababu kipozeo kinachovuja huingiza maji kwenye silinda.

Fundi aliyenisaidia kulegeza boliti za nyuma alinishauri nifunge kibati na kuiziba njia ya EGR moja kwa moja. Nilimweleza kwa heshima kwamba sitafanya hivyo. Gari hili lilipewa ruhusa ya kutoa si zaidi ya miligramu 180 za oksidi za nitrojeni kwa kilomita, na bila EGR kiwango hicho hakifikiki hata kidogo. Watakaouvuta moshi huo ni watu wasiojua kwamba niliziba kitu.

Kilomita 271,748

Mluzi mwembamba umesikika upande wa nyuma wa injini kila ninapokanyaga mafuta. Niliirudishia gasketi ya zamani ya bomba la EGR kwa sababu ilionekana nzuri, na lilikuwa kosa langu. Gasketi hizi za bati hukandamizwa mara moja tu. Nimefungua upya, nimeweka mpya, mluzi umekwisha. Saa tatu zimepotea.

Kilomita 271,810

Nimetafuta vyanzo vingine vya masizi. Marekebisho ya nozeli zote nne za kunyunyizia dizeli yako ndani ya kiwango, hivyo nimeziacha kama zilivyo. Kichujio cha hewa ni safi. Lakini nilipopuliza moshi wa majaribio kwenye njia ya hewa, ulitokea chini ya mpira unaounganisha intakula, yaani kipozeo cha hewa inayoingia, na manifoldi, mahali ambapo mpira umekuwa ukisugua kwenye pembe ya bati hadi ukachanika. Hewa iliyopimwa na sensa ilikuwa ikipotea kabla ya kufika kwenye silinda. Dizeli ikakosa hewa ya kuungua nayo, na kilichobaki kikawa masizi. Mpira mpya umefungwa, na pembe ya bati nimeivisha kipande cha mpira.

Plagi ya kupasha joto ya silinda ya tatu imekufa, msimbo P0673. Niliilegeza injini ikiwa na joto baada ya kuiwekea oili ya kupenya usiku kucha, robo mzunguko kwa robo mzunguko, kwani plagi ikikatikia ndani ya kichwa cha silinda, kazi ya saa moja inageuka kuwa ya wiki. Imetoka nzima.

Oili imenishtua. Kwenye kijiti cha kupimia ilikuwa imepita alama ya juu kwa unene wa kidole, nami sikuwa nimeongeza hata tone. Inanuka dizeli. Kila usafishaji unapokatizwa, sehemu ya dizeli ya ziada huteleza kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili, na oili iliyochanganyika na dizeli hailindi tena beringi za turbo wala za shafti. Nimeimwaga yote na kuweka oili yenye majivu kidogo ya daraja C3 la ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya. Kwenye gari lenye DPF daraja hilo si hiari. Masizi huungua, lakini majivu ya viongeza vya oili hayaungui kwa joto lolote ambalo gari linaweza kulitoa, yanabaki ndani ya kichujio hadi siku kitakapofunguliwa.

Kilomita 271,905

Leo kichujio kimejisafisha chenyewe kwa mara ya kwanza tangu nianze kurekodi. Sikulazimisha kwa skana. Nilitoka tu kwenda barabara kuu na kushikilia mwendo wa mizunguko 2,200. Dakika ya tisa kasi ya kunyunyiza dizeli ilibadilika, na joto mbele ya kichujio likapanda kutoka nyuzi 280 hadi 610 kwa muda wa dakika nne. Lilibaki kati ya 590 na 625 kwa dakika ishirini na mbili. Masizi yaliyokadiriwa yalishuka kutoka gramu 31 hadi 4.

Niliporudi nilipima tena. Injini ikiunguruma taratibu, milibari 7. Kwenye mizunguko 2,500, milibari 27. Masizi yameondoka na shinikizo bado liko juu. Kilichobaki ni majivu, baada ya kilomita zaidi ya 270,000, ambazo sehemu yake, kwa mujibu wa kijitabu cha huduma, gari lilitembea na oili isiyofaa.

Nasisitiza hapa kwamba usafishaji wa kulazimisha gari likiwa limesimama ni hatari pasipo uangalizi. Bomba hufikia joto la kuwasha nyasi kavu, na ndani ya banda lililofungwa moshi wake unaweza kuua.

Kilomita 272,040

Nimekitoa kichujio. Boliti mbili kati ya sita zilikatika, na sensa ya joto ya mbele haikukubali kutoka. Waya wake ulizunguka pamoja na nati hadi ukakatika. Nimeiandika kwenye orodha ya vipuri, ya kwanza niliyoiharibu kwa mkono wangu.

Kikiwa mezani, ukikielekeza kwenye mwanga huoni upande wa pili, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ndani yake kuna maelfu ya mifereji midogo ya mraba, mmoja umezibwa mwisho na jirani yake umezibwa mwanzo, ili moshi ulazimike kupenya ukuta wa kauri kati yao na kuacha masizi nyuma. Mifereji ya upande wa kuingilia ilikuwa na unga wa kijivu uliogandamana kwenye pembe, laini kama chokaa.

Ushauri wa kukichokonoa kwa nondo na kukirudisha kikiwa kitupu nimeupata tena, safari hii kutoka kwa mtu ambaye ninaamini ananitakia mema. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli katika Kundi la 1, pamoja na vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Kutoka Euro 4 hadi Euro 5 kikomo cha chembechembe kwa magari ya dizeli kilishushwa kutoka miligramu 25 hadi 5 kwa kilomita, na ni kauri hii ndiyo iliyowezesha. Mimi hukaa na watoto kwenye kiti cha nyuma cha gari hili, na wapo watoto wa wengine wanaosimama kando ya barabara kwenye kimo cha bomba langu la moshi. Kichujio kitasafishwa na kurudi kikiwa kizima.

Kilomita 272,040, siku tano baadaye

Kimesafishwa kwa maji na hewa iliyosukumwa kutoka upande wa kutokea, bila asidi, kwa sababu asidi kali huondoa tabaka la kichocheo lililo juu ya kauri. Nilikipima uzito kabla: kilo 10.42. Kiliporudi kilikuwa na kilo 10.61, nikashtuka, kisha nikakumbuka kwamba kauri hunyonya maji. Nilikiacha siku mbili juani na usiku mmoja mbele ya hewa ya moto. Leo kina kilo 10.33. Gramu 90 za majivu zilitosha kuliharibia gari pumzi yake.

Kimefungwa pamoja na gasketi mpya, boliti mpya na sensa ya joto mpya, na hesabu ya majivu kwenye kompyuta imerudishwa sifuri. Hatua hiyo inafanywa tu pale majivu yanapokuwa yameondolewa kweli. Akiifanya mtu ambaye hakusafisha, kompyuta itaruhusu masizi yazidi, na siku yatakapowaka joto litapasua kauri.

Vipimo: injini imezimwa, 0, ikiunguruma taratibu, milibari 3, mizunguko 2,500, milibari 17.

Kilomita 274,960

Takriban kilomita 3,000 zimepita bila taa. Kabla ya mradi, rekodi ya kompyuta ilionyesha kwamba jaribio la kusafisha lilianza kila baada ya kilomita 140 au 160, mengi yakiishia njiani. Sasa umbali kati ya usafishaji mmoja na mwingine umekuwa 470, 530, 505 na 560, na yote manne yamekamilika. Kiwango cha oili kwenye kijiti hakijasogea. Nimeanza kutambua usafishaji bila skana: mngurumo unakuwa mzito kidogo, na mizunguko ya injini inapanda kwa takriban 150 ninaposimama kwenye taa. Usafishaji ukianza nikiwa karibu kufika, nazunguka dakika kumi zaidi badala ya kuzima.

Jambo moja sijalimaliza. Tofauti kati ya mfunguko ambao kompyuta inaiamuru vali ya EGR na mfunguko halisi ilikuwa asilimia 1 baada ya kusafisha, na leo ni asilimia 3. Kikomo ambacho huleta msimbo kiko mbali, lakini mwelekeo unaonekana. Nashuku mvuke wa oili kutoka kwenye tumbo la injini ni mwingi kuliko kawaida, na kwamba kiwambo cha mpira kilicho kwenye kifuniko cha vali za injini kimechoka. Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, nitapima shinikizo kwenye tundu la kijiti cha oili.